Balbu ikisema iko oflaini usikimbilie kuriseti: waifai na vitu vya smati kwenye nyumba zetu za Mombasa

Kama saa hii umeshika simu, apu yakuandikia kamera iko oflaini, na mkono wa pili ushachukua pini ya kufinya kile kitundu cha riseti, hio pini iweke chini kwanza. Riseti yafuta jina la waifai, paswadi, saa za taa ulizopanga, kila kitu, halafu ukimaliza waanza upya na tatizo liko palepale kwa sababu tangu mwanzo halikuwa kwenye kamera. Nimewaunganishia jamaa na majirani hivi vitu vya smati nyumba nyingi, Kibokoni, Tudor, Kisauni, Mikindani, na wallahi kifaa chenyewe kuwa kimekufa ni mara chache. Huku kwetu matatizo hutoka kwenye kuta, kwenye stima, na ukiwa wakaa karibu na bahari, kwenye chumvi. Inaniuma kuona mtu ametupa kamera nzima, amenunua nyengine kwa pesa za kujinyima, na hio nyengine nayo yaja kufanya vilevile baada ya wiki mbili.

Kwanza ujue amri yapita wapi. Ukifinya "washa" ukiwa kitandani, taa iko hapo juu ya kichwa chako, lakini kwa vifaa vingi amri haiendi moja kwa moja kwa taa. Yatoka kwenye simu yaingia kwa rauta, yatoka na faiba mpaka kwa kompyuta za kampuni ilotengeneza ile balbu, ambazo mara nyingi ziko nchi za nje, kisha yarudi njia hiohio mpaka kwa rauta yako ndo ifike kwa balbu. Kwa hivo waifai yako yaweza kuwa nzima kabisa na balbu bado ikakukataa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa nzito, na siku kama hio hata ukiriseti balbu mara kumi haisaidii kitu, wangoja tu.

Sasa kazi yako ni kujua njia imekatika wapi.

Swali la kwanza: ni kimoja au vyote?

Fungua apu utizame. Kama vifaa vyote viko oflaini, usiguse hata kimoja, tatizo ni rauta au intaneti. Kama ni kimoja na vyengine vyote vyafanya kazi, rauta iache, tatizo ni kile kifaa au pale mahali kilipo. Kama ni vyote vya upande mmoja wa nyumba, hilo ni suala la mawimbi kutofika, na jawabu liko hapo chini kwenye kuta. Hii yachukua dakika moja na imeniokoa kupanda ngazi mara nyingi.

Ukiona ni vyote, zima data ya simu yako. Nasema tena, zima data. Simu za siku hizi zikiona waifai haina intaneti zahamia kwenye data kimyakimya bila kukwambia, wewe waona video zafunguka waamini intaneti ya nyumbani iko sawa, kumbe unakula bando lako. Data ikiwa imezimwa, jaribu kufungua tovuti yoyote. Haifunguki? Basi nenda katizame kile kisanduku cha faiba ukutani. Taa ilioandikwa PON ikiwa yawaka bila kupepesa ni sawa, ilioandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kutoka nje, waya umekatika au umekunjwa sana mahali au panya wameupitia. Hapo huna la kufanya ila kupigia kampuni yako, na usiuchomoe ule waya mwembamba ukachungulia mwisho wake, ile leza jicho haliioni lakini yaweza kukudhuru. Kama taa zote ziko sawa na bado hakuna intaneti, hakikisha malipo ya mwezi hayajaisha. Hili watu hulisahau kila mara kwa sababu malipo yakiisha waifai bado yaonekana kwenye simu, alama imejaa, ila hakuna kinachopita.

Ukitaka kuzima na kuwasha, fanya kwa mpango. Zima kisanduku cha faiba na rauta vyote, ngoja dakika moja au mbili, washa kisanduku cha faiba kwanza mpaka PON itulie, kisha rauta, ngoja mpaka simu yako ipate intaneti, ndo sasa uende kwa balbu na kamera kama bado hazijarudi zenyewe. Vingi vyarudi vyenyewe ndani ya dakika tano, vipe nafasi.

Kisogeze karibu na rauta

Hili ndo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Kama ni kifaa kimoja chasumbua, kichomoe ukilete chumba cha rauta, hatua mbili tatu hivi. Kamera na soketi ya smati ni rahisi kubeba, na balbu tafuta holda yenye waya na plagi, kila fundi wa stima anayo. Kikifanya kazi hapo karibu bila shida, basi kifaa ni kizima, paswadi ni sawa, setingi ni sawa, kinachokosekana ni mawimbi kufika kule kilipokuwa. Kikikataa hata hapo karibu ndo uanze kushuku setingi au kifaa chenyewe. Fundi asiyefanya jaribio hili anakupigia ramli tu.

Kuta zetu

Mamangu akaa kwenye nyumba ya zamani Kibokoni, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, kuta za matumbawe na chokaa, na pale dirishani ukipima unene wa ukuta kwa mkono ni dhiraa nzima, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Magoti yake siku hizi hayataki ngazi, kwa hivo tulimwekea kamera mlango wa chini awe mtu akipiga hodi anamuona kwenye simu kabla hajajisumbua kushuka. Kamera ikawa yashika asubuhi, adhuhuri imepotea, na kila ikipotea ananipigia, "Mwanangu, lile dude lako limelala tena."

Rauta ilikuwa juu chumbani kwa ndugu yangu, kwa sababu fundi wa faiba aliingiza waya kwenye dirisha lililomfaa yeye, si lililoifaa nyumba. Nkachukua simu, nkaweka apu ya bure ya kupima mawimbi ya waifai, ziko nyingi kwenye Android, nkaanza kutembea polepole. Zile namba zina alama ya kutoa mbele, na kadri inavyokaribia sifuri ndo mawimbi yana nguvu. Kando ya rauta ilikuwa -41. Kwenye ngazi -58. Nyuma ya ukuta wa chini pale kamera ilipo, -83. Kwa kawaida -67 na kupanda juu ni vizuri kwa kamera ya video, -70 hadi -75 balbu au soketi yaweza kuvumilia kwa sababu yatuma maneno machache tu, lakini ukifika -80 huko kifaa chashika na kuachia siku nzima. Kwa hivo kamera ya mama haikuwa mbovu hata kidogo, ilikuwa yaitwa na mtu alie mbali sana.

Matumbawe ni mawe mazuri, yana ubaridi, na Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 waliyatumia hayohayo, lakini kwa mawimbi ya waifai ukuta mnene namna ile ni kizuizi kikubwa, na ukiwa umenyonya unyevu msimu wa masika ndo zaidi, maana maji yanayameza yale mawimbi. Tangi la maji nalo ni vilevile, likiwa kati ya rauta na kifaa mawimbi yazuilika. Mabati, milango ya chuma, friji na ule wavu wa chuma wa mbu kwenye madirisha vyayarudisha nyuma. Kioo cha kujitazama kikubwa pia, kina rangi ya madini nyuma yake. Wengi huficha rauta kwenye kabati la TV au juu ya friji eti isionekane, hapo ushaifunika nusu ya nguvu yake kabla hata haijatoka chumbani.

Kwenye nyumba za zamani kuna msaada mmoja, nao ni kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba unaoingiza mwanga na hewa. Mawimbi yapita hapo kama sauti ya mtu aitae kutoka juu. Tulivuta waya wa netiweki wa mita 15 kutoka chumba cha ndugu yangu mpaka kwenye ukingo unaotizama kiwanda, tukaweka hapo rauta ya zamani iliokuwa imelala kwenye droo. Pale mlangoni ikasoma -60. Kamera haijapotea tena isipokuwa stima ikienda.

Hio rauta ya zamani unaiandaa hivi, na usinunue kitu kipya kabla hujajaribu. Iunganishe na simu au kompyuta peke yake kwanza, ingia kwenye setingi zake kwa anwani ilioandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zima DHCP (ile kazi ya rauta ya kugawia vifaa anwani), kisha ibadilishe anwani iwe nyengine isiyogongana na ya rauta kubwa, kwa mfano kubwa ikiwa 192.168.1.1 hii ndogo ipe 192.168.1.2. Ipe jina la waifai na paswadi ileile ya rauta kubwa, herufi kwa herufi, ila chaneli (njia ya mawimbi) tofauti. Waya uchomeke kwenye tundu la LAN pande zote mbili, lile tundu la WAN liache wazi. Ukisahau kuzima DHCP, rauta mbili zitagawa anwani kila moja kivyake na nyumba nzima itakuwa na fujo, vifaa vyaingia na kutoka bila mpango.

Kama huwezi kuvuta waya, kuna ripita ya kuchomeka ukutani, lakini watu huiweka vibaya. Wanaiweka palepale mawimbi yamekufa, sasa itarudia nini? Iweke nusu ya njia, mahali bado unapata -60 hivi. Na ujue ripita nyingi zapunguza kasi kama nusu kwa sababu yasikiliza na kusema kwa mawimbi yaleyale. Kwa balbu hakuna neno, kwa kamera nne za video utaona tofauti.

2.4 na 5

Hapa ndo wengi wanakwama siku ya kwanza ya kuunganisha. Balbu nyingi, soketi nyingi na kamera nyingi za bei ya kawaida zaelewa mawimbi ya waifai ya 2.4GHz peke yake. Ile ya 5GHz yenda kasi lakini yachoka haraka kwenye ukuta, ile ya 2.4 ni ya polepole lakini yafika mbali, ndo maana watengenezaji waliichagua. Rauta za siku hizi zaziweka zote mbili chini ya jina moja, simu yako iko kwenye 5, balbu yatafuta 2.4, na baadhi ya apu zachanganyikiwa hapo, waona tu linazunguka mpaka asilimia 90 halafu imeshindwa.

Ingia kwenye rauta uzitenge majina, moja uipe jina la kawaida na nyengine uongeze "5" mwisho, au uizime 5 kwa dakika kumi uunganishe balbu kisha uiwashe tena. Ukiwa hujui paswadi ya kuingia kwenye rauta, tembea na simu mbali kidogo mpaka ihame yenyewe kwenda 2.4, halafu ujaribu, mara nyengine hilo latosha. Na wakati wa kuunganisha zima data, zima VPN, washa Bluetooth, washa lokesheni na uiruhusu apu kuitumia, kwenye Android apu hairuhusiwi kutafuta waifai zilizo karibu bila ruhusa hio, si kwamba yakupeleleza.

Tizama pia aina ya ulinzi. Rauta ikiwekwa WPA3 peke yake, vifaa vingi vya miaka ya nyuma haviwezi kuingia na havikwambii ni kwa nini, vyasema paswadi si sahihi na wewe waandika paswadi mpaka vidole vyauma. Weka WPA2, au ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Usiiache wazi bila paswadi hata kwa siku moja, kamera ya ndani ya nyumba ni sitara ya watu.

Ukikaa kwenye fleti, Tudor au Ganjoni au kule Nyali zilipojaa, tatizo laweza kuwa majirani. Fungua ileile apu ya kupima, uone rauta ngapi zimerundikana chaneli moja. Kwenye 2.4 chaneli ambazo hazigongani ni 1, 6 na 11, chagua yenye watu wachache kati ya hizo tatu na upana uweke 20MHz, si 40. Na kuna jambo moja dogo nimelikuta kwa mtu aliyeletewa kamera na jamaa yake kutoka Marekani. Rauta yake ilikuwa kwenye otomatiki ikajichagulia chaneli 13, ambayo huku kwetu yatumika lakini vifaa vya soko la Marekani kwa kawaida haviioni. Kamera ilikuwa kando ya rauta kabisa na yasema hakuna waifai. Tulipoweka chaneli 6 ikashika palepale. (Na balbu ikitoka huko soma kwanza maandishi yake, kama ni ya volti 120 tu ukiichomeka kwenye 240 yetu ishaungua.)

Maikrowevu nayo yatumia mawimbi ya hukohuko 2.4. Kama soketi ya jikoni yapotea kila jioni mtu akipasha chakula, usitafute mchawi, isogeze rauta mbali na jikoni.

Stima

Ami yangu Kisauni ana balbu sita za smati, kila stima ikikatika na kurudi mbili tatu kati ya hizo zaanza kupepesa harakaharaka na zasahau waifai. Akaamini ni feki. Nilipokwenda nkakaa naye barazani, kwa bahati jioni hio stima ikacheza, yani ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, kama mara nne ndani ya sekunde kumi hivi. Nkamwambia, ami, umeona hio? Balbu nyingi hazina kitufe cha riseti, kwa hivo mtengenezaji ameweka kwamba ukizima na kuwasha swichi mara tatu au tano mfululizo, balbu yajua umetaka iriseti, yafuta waifai na kuanza kupepesa ikingoja kuunganishwa upya. Sasa stima ikicheza vile, balbu haijui kama ni wewe au ni transfoma ya mtaa. Yahesabu tu.

Baadhi ya balbu zina mahali kwenye apu pa kubadilisha hio hesabu au kuifunga kabisa, na kitu cha kuchagua balbu ifanye nini stima ikirudi, iwake, ibaki imezima au ikumbuke ilivyokuwa. Tafuta kwenye setingi za balbu. Kama haimo, kwa mitaa ambayo stima yacheza sana mimi nashauri utumie swichi ya smati ukutani na balbu ya kawaida, swichi ina kitufe chake cha kushikilia kwa sekunde kadhaa kwa hivo haidanganyiki. Ila kabla hujanunua mwite fundi afungue kisanduku cha swichi atizame kama kuna waya wa nyutro (ule wa kurudisha umeme), nyumba nyingi zimefungwa bila nyutro kwenye swichi, na hizo zahitaji swichi ya aina isiyotumia nyutro. Usifungue mwenyewe kama hujazima swichi kubwa.

Jambo la pili la stima ni rauta kupigwa. Stima inaporudi kwa kishindo, au inapokuwa ndogo taa zikawa za rangi ya chai, adapta ya rauta yachoka polepole, na rauta yenye adapta dhaifu yazimika na kuwaka yenyewe usiku bila mtu kujua, asubuhi waona vitu vimekatika. Gadi ya TV, ileile tunayochomekea TV na friji, ichomekee na rauta pia, yasubiri kidogo stima itulie kabla haijaruhusu.

Na kama pesa yaruhusu, nunua ile UPS ndogo ya rauta, kisanduku kidogo chenye betri kinachotoa volti 12 moja kwa moja bila kubadilisha. Soma chini ya adapta yako: volti lazima ziwe sawasawa, 12 kwa 12 au 9 kwa 9, amperi za UPS ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Na kumbuka kuchomeka vyote viwili, rauta na kisanduku cha faiba, nimeona watu wameweka UPS kwa rauta peke yake, stima ikienda waifai ipo lakini intaneti haipo kwa sababu kile kisanduku kimelala. Faida yenyewe si intaneti ya kutizama mpira gizani. Ni kwamba stima ikirudi rauta ilikuwa macho muda wote, balbu na soketi zikiamka zaikuta tayari, hazina haja ya kungoja dakika tatu na kukata tamaa.

Chumvi

Ukiwa Nyali, Bamburi, Shanzu au Likoni upande wa baharini, kamera ya nje ikianza kupotea baada ya miezi kadhaa wakati mwanzo ilikuwa nzuri, zima stima yake kisha fungua pale waya unapoungana, ile sehemu inayoning'inia nyuma ya kamera. Kamera yaweza kuandikwa IP66, vumbi na maji hayaingii, lakini hio ni kamera yenyewe, ule mkia wa nyaya mara nyingi haumo kwenye hesabu. Nilifungua mmoja kwenye nyumba ya kupangisha Bamburi nkakuta vile vijipini vya shaba vimeota kijani kama sarafu ilokaa kwenye mchanga, pini moja imeliwa karibu yote. Chumvi inayoletwa na upepo yashika unyevu hata siku isiyo na mvua, na unyevu wa chumvi wapitisha umeme, kwa hivo stima yavuja kidogokidogo na kamera yapata nguvu isiotosha. Yawaka, lakini waifai yaishinda.

Ikiwa pini bado ziko, safisha kwa brashi laini na spiriti, acha zikauke vizuri, paka grisi ya silikoni ya mambo ya umeme, kisha maungio yote yatie ndani ya kisanduku cha plastiki cha nje chenye mpira wa kuziba. Waya ukiingia kwenye kisanduku uuache ushuke chini kwanza halafu upande kuingia, ili maji ya mvua yadondoke pale kwenye mteremko yasifuate waya mpaka ndani. Upande unaopigwa na kusi ndo huharibika mwanzo, ukiweza iweke kamera chini ya paa upande wa pili. Na antena za nje zile za kuzungusha, kaza kwa mkono kila baada ya miezi michache, kutu ikiingia kwenye uzi wake mawimbi yanapungua hata kama kwa macho iko sawa.

Idd, wageni, na rauta mpya

Kuna nyumba ambayo vitu vyote hufanya kazi mwaka mzima, kisha siku ya Idd vyakatika. Si ajabu. Wageni thelathini wamekuja, kila mtoto ana simu, paswadi imeshagawiwa kama halua. Rauta za bei rahisi zalemewa na vifaa vingi kwa pamoja, na pia kuna idadi ya anwani ambayo DHCP imeruhusiwa kugawa, zikiisha balbu iliokatika kidogo haipati pa kurudi. Ingia kwenye rauta upanue ule mgawo, kwa mfano kutoka anwani 100 ziwe 200, na vifaa vyako vya kudumu uvifungie anwani zao. Wageni wafungulie netiweki yao ya wageni yenye paswadi tofauti. Ila usiunganishe balbu zako kwenye hio ya wageni, kwa sababu mara nyingi imewekwa vifaa visionane, na apu yako ikiwa yatafuta balbu humo ndani haitaiona. Kama rauta yako ina kitu kinaitwa AP isolation, hichohicho cha kuzuia vifaa visionane, kimewashwa kwenye netiweki kubwa, kizime.

Na ukibadilisha kampuni ya intaneti au ukapata rauta mpya, usianze kuunganisha kifaa kimoja kimoja. Ipe rauta mpya jina lilelile la waifai na paswadi ileile na aina ileile ya ulinzi, herufi kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Vifaa vyako havijui kama rauta imebadilika, vyatafuta jina na neno la siri tu, vikikuta vyaingia vyenyewe. Nimehamisha nyumba yenye vifaa ishirini kwa robo saa kwa njia hii.

Sasa, kama umefanya yote, umekisogeza karibu, uko kwenye 2.4, ulinzi ni WPA2, stima iko sawa, pini safi, na kifaa bado kimegoma, jaribu kukiunganisha na hotspoti ya simu nyengine. Kwenye iPhone za kuanzia 12 washa ile swichi ya Maximize Compatibility ndo itoe 2.4. Kikishika kwa hotspoti, rudi kwa rauta, kuna setingi imekupita. Kikikataa hata hapo, chukua ile pini ya riseti. Kabla hujafinya piga picha kwenye apu ya saa zote ulizopanga na jina la kila chumba, kisha shikilia kitufe sekunde tano mpaka kumi mpaka taa yake ibadilike, kifute kwenye apu, ukiongeze upya ukiwa kando ya rauta, na kikishashika kiache hapo nusu saa kabla hujakirudisha mahali pake.